Nafasi ya Mhadhara katika Masomo ya Mbali: Kisumu na Ufuo wa Ziwa Viktoria Tangu 1967

Katika vikao vya idara zetu siku hizi husikika mara kwa mara kauli kwamba mhadhara umekwisha kazi yake. Hoja yenyewe ni nyepesi kueleza. Ikiwa mwanafunzi aliyeko Mbita au Usenge aweza kuyapata madokezo yote ya kozi katika simu yake, na kuyasoma saa aitakayo, kuna haja gani ya kumwita saa mbili asubuhi ili amsikilize mtu akiyasema yale yaliyokwisha andikwa? Wenye hoja hii si wavivu, wala si maadui wa elimu. Wengi wao wamewafundisha walimu wa vijijini kwa miaka mingi, na wanaijua gharama ya nauli ya kivuko na ya kitanda mjini Kisumu.

Makala haya yanakusudia kuichunguza kauli hiyo kwa njia ya historia. Ufuo wa Ziwa Viktoria upande wa Kenya umekuwa ukipelekewa masomo kutoka mbali kwa zaidi ya nusu karne, na katika muda huo mhadhara umewekwa kando zaidi ya mara moja, na kila mara umerudi kwa mlango mwingine. Dai letu ni kwamba katika masomo ya aina hii mhadhara haukupata kuwa chombo kikuu cha kupitishia maarifa. Kazi hiyo ilifanywa na karatasi tangu mwanzo. Mhadhara ulikuwa miadi ya sauti. Na kwa mwanafunzi wa Kiswahili wa sehemu hizi ulikuwa, na ungali, karibu mahali pekee pa kukisikia Kiswahili rasmi kikisemwa kwa muda mrefu na mtu anayefikiri kwacho.

Maneno yenyewe

Yafaa tuanze na neno. Mhadhara ni neno lenye asili ya Kiarabu, na shina lake ndilo lililotupa hudhuria, mahudhurio na hadhara. (Lisichanganywe na hadhari, litokalo katika shina jingine, ni matamshi ya Kiswahili yaliyoziunganisha konsonanti mbili ambazo Waarabu huzitenga.) Maana ya msingi ya shina hilo ni kuwapo. Anayetoa mhadhara, kwa mujibu wa neno lenyewe, yupo mbele ya watu ambao nao wapo mbele yake. Mihadhara ya dini iliyoenea katika viwanja na masoko ya Afrika ya Mashariki kuanzia miaka ya 1980 iliitwa hivyo kwa haki kabisa, hata kama wahadhiri wake hawakupata kukanyaga chuo kikuu.

Neno la Kiingereza tunalolifasiri kwa mhadhara lina historia nyingine. Linatokana na Kilatini, na maana yake ya kwanza ni kusoma. Kabla ya uchapaji kuenea huko Ulaya, mwalimu alikuwa na kitabu na wanafunzi hawakuwa nacho. Akakisoma kwa sauti, nao wakanakili. Mhadhara wa namna hiyo ni posta isiyo na stempu. Kitabu kikipatikana kwa kila mtu, huna sababu tena ya kumsikiliza anayekisoma. Kwa hiyo wasemao kwamba mhadhara umekwisha kazi wanasema kweli juu ya neno la Kiingereza. Juu ya neno letu bado hawajasema kitu.

Tukifika ziwani twakuta neno la tatu. Wajaluo waliazima soma kutoka Kiswahili, na katika Dholuo somo ni kusoma na ni elimu pia. Wakristo wa kwanza walikuwa wasomaji, na shule kama ile ya Maseno, iliyofunguliwa na Jumuiya ya Misheni ya Kanisa la Uingereza mwaka 1906, ilikuwa kwanza mahali pa kusoma kitabu. Elimu ya nyumbani kwa upande mwingine ilikuwa ya kusikia. Watoto walilala katika siwindhe, nyumba ya bibi mzee aliyeitwa pim, na waliyojifunza humo waliyapata usiku, kwa sauti, kutoka kwa mtu waliyemjua. Ni rahisi mno kuzifanya elimu hizi mbili kuwa maadui, na hatutafanya hivyo. Twataka tu ikumbukwe kwamba masomo ya mbali yalipofika Kisumu yaliwakuta watu ambao kwao kusoma na kusikia vilikuwa vitu viwili, vyenye nyumba mbili.

Posta na redio

Mwaka 1967 Koleji ya Chuo Kikuu ya Nairobi, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, ilianzisha Kitengo cha Masomo ya Posta katika kituo chake cha elimu ya watu wazima kilichoko Kikuyu. Fedha zilitoka katika serikali ya Marekani, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walishiriki katika mipango. Wanafunzi waliolengwa hasa walikuwa walimu wa shule za msingi wenye vyeti vya chini. Baada ya uhuru shule zilikuwa zimeongezeka upesi kuliko walimu waliohitimu, na isingewezekana kuwatoa walimu hao darasani ili warudi chuoni, maana madarasa yangebaki matupu. Basi masomo yakawafuata. Mwalimu wa daraja la P3 aliyefaulu mtihani wa sekondari ya chini aliweza kupandishwa hadi P2, na mshahara ukapanda naye. Huo ndio uliokuwa mvuto wa mpango, wala hapana aibu kuusema.

Mpango ulisimama juu ya mambo matatu: vijitabu vilivyopigwa chapa na kutumwa kwa posta, majaribio ambayo mwanafunzi aliyaandika na kuyarudisha ili yasahihishwe, na vipindi vya redio vilivyotangazwa na Sauti ya Kenya. Chuo Huria cha Uingereza, ambacho hutajwa daima kana kwamba ndicho kilichobuni ndoa hii ya posta na redio, kilianza kufundisha mwaka 1971. Jambo hili wenzetu wa vitivo vya elimu hawalisemi mara nyingi kama linavyostahili.

Ukitazama mpango huo kwa jicho la mchumi, redio ndiyo iliyokuwa ya ziada. Somo zima lilikuwamo kijitabuni. Mtu aliyekosa kipindi hakukosa mada yoyote ya mtihani. Tena redio ilikuwa na shida zake: betri ni ghali, mvua ya radi kando ya ziwa huleta mikwaruzo, na kipindi kikipita kimepita. Hata hivyo redio haikuachwa. Kwa nini?

Jibu, kwa maoni yetu, liko katika tabia ya karatasi. Karatasi hungoja. Mwalimu aliyefundisha kutwa, akaenda shambani, akahudhuria mazishi Jumamosi na kanisa Jumapili, alijua kwamba kijitabu kitakuwapo kesho mezani. Hivyo ndivyo vijitabu vinavyokusanya vumbi. Redio haikungoja. Ilisema saa fulani, siku fulani, na saa hiyo mwalimu wa Yala na mwalimu wa Homa Bay, wasiojuana, waliketi kusikiliza jambo moja. Sauti ile ilikuwa na pumzi, ilikuwa na kusitasita, ilirudia ilipoona yafaa kurudia. Mtu alijua kwamba huko Nairobi yuko anayelijali somo hili. Wapangaji hawakuuita mhadhara, lakini twaweza kuuita hivyo bila kukosea sana, isipokuwa kwamba uwapo wake ulikuwa wa upande mmoja: msemaji hakuweza kuwaona waliomsikiliza, wala hawakuweza kumwuliza neno.

Kisumu yenyewe haikuwa ngeni katika mambo ya utangazaji. Kabla ya uhuru ilikuwa na stesheni yake, na Dholuo kilikuwa kimekwisha zoeleka hewani. Lakini masomo ya Kikuyu yalikuja zaidi kwa Kiingereza, lugha ya mtihani. Mwalimu alisoma kwa Kiingereza, akasikiliza kwa Kiingereza, kisha akageuka kumweleza jirani yake kwa Dholuo. Maelezo hayo ya jirani hayakuandikwa mahali popote, na ndiyo maana hayamo katika ripoti.

Kulikuwa na mfano mwingine uliojulikana kwa wasomi wa wakati ule, nao ni shahada za nje za Chuo Kikuu cha London, zilizokuwa zikitolewa tangu 1858. Mtahiniwa aliweza kuipata shahada bila kusikia hata mhadhara mmoja. Wachache wenye moyo wa chuma walifaulu kwa njia hiyo, na majina yao yakawa hadithi vijijini. Mfumo unaotegemea mashujaa hauwezi kuwa mfumo wa kuwafunza walimu wa taifa.

Mihadhara ya likizo

Mambo mawili yalitokea kwa kufuatana katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1985 mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulianza, na Kiswahili kikawa somo la lazima lenye kutahiniwa katika shule za msingi na za upili. Mwaka 1986 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha shahada ya kwanza ya ualimu kwa wanafunzi wa nje, ikiendeshwa kutoka Kikuyu. Hatudai kwamba la pili lilizaliwa na la kwanza. Lakini katika mkoa kama Nyanza, ambapo lugha ya nyumbani ya watu wengi ilikuwa Dholuo au Ekegusii, amri ya 1985 iliwatafuta walimu wa Kiswahili mahali ambapo hawakuwapo wa kutosha, na mlango wa 1986 ulikuwa mmoja wa milango michache ambayo mwalimu aliyekwisha ajiriwa angeweza kuupita.

Mpango huu nao ulisimama juu ya maandishi, pamoja na kanda za sauti. Kulikuwa na vituo vya mikoani, na Kisumu kilikuwa kimoja chao, ambapo mwanafunzi angeweza kufikisha kazi zake na kupata msaada. Juu ya hayo kulikuwa na vikao vya ana kwa ana wakati wa likizo za shule. Vikao hivyo vilikusudiwa viwe vya kujadiliana na kufafanua yale ambayo wanafunzi wamekwisha yasoma nyumbani. Kwa kadiri wengi waliopitia mpango huo wanavyosimulia, mambo yaliyotokea yalikuwa tofauti: wanafunzi walifika na vijitabu visivyofunguliwa, wakataka mihadhara, nao wahadhiri wakatoa mihadhara, asubuhi hadi jioni, muhula mzima ukishindiliwa katika siku chache.

Wataalamu wa elimu huisimulia hali hii kama kushindwa. Wanafunzi, wasema, hawakuwa wamejifunza kujitegemea. Hapana shaka upo ukweli hapo. Lakini hebu tuitazame kwa upande wa mwalimu mwenyewe. Amekaa miezi mitatu peke yake na kijitabu. Hajui kama anavyolielewa neno silabi ndivyo linavyoeleweka na wengine. Hajui kama swali lake ni la kijinga. Anapofika katika chumba chenye watu mia moja wa hali kama yake, na mmoja akauliza swali lile lile lililomkosesha usingizi, amepata kitu ambacho kijitabu hakiwezi kumpa hata kama kingeandikwa na malaika. Ameupata uwapo wa wenzake.

Desturi hii ya likizo ilikua na kupita mpango wa 1986. Katika miaka ya 2000 vyuo vikuu vingi vya Kenya viliwapokea walimu katika likizo za Aprili, Agosti na Desemba. Chuo Kikuu cha Maseno, kilichoanza mwaka 1990 kwa kuunganishwa kwa Chuo cha Ualimu cha Siriba na taasisi ya serikali ya mafunzo iliyokuwa jirani yake, na kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2001, kilikuwa miongoni mwao. Mjini Kisumu kampasi zilifunguliwa katika orofa za juu za majumba ya biashara. Aliyepita mjini humo mwezi wa Agosti miaka hiyo alisikia, juu ya kelele za matatu, sauti ya mhadhiri ikitoka dirishani.

Hatuna budi kukiri kwamba mingi ya mihadhara hiyo ilikuwa mibovu. Mhadhara wa imla, ambao mhadhiri husoma karatasi zilizogeuka rangi ya manjano na wanafunzi huandika neno kwa neno, ulitawala, na nusu ya sababu ilikuwa uhaba wa vitabu. Huo ndio mhadhara wa Kilatini tulioutaja hapo juu. Simu za leo zimeuua, na hatuna machozi ya kuumwagia.

Satelaiti, waya na puto

Jaribio lililofuata lilikuja kutoka juu. Chuo Kikuu cha Afrika cha Mtandao kilianzishwa mwaka 1997 kama mradi wa Benki ya Dunia, makao yake yakiwa Washington, na mwaka 2002 yakahamishiwa Nairobi. Nchini Kenya kilianzia Chuo Kikuu cha Kenyatta. Hakikuwa cha Kisumu, lakini kimeingia katika historia hii kwa sababu ndicho kilichofanya kinyume cha Kikuyu. Kikuyu kulipeleka karatasi na kuuacha mhadhara. Mradi huu ulipeleka mhadhara wenyewe. Mhadhiri alisimama mbele ya kamera huko Marekani au Ulaya, picha yake ikapita angani kwa satelaiti, na wanafunzi wa Afrika wakamtazama katika ukumbi, wakiwa na simu, faksi au barua-pepe za kuulizia.

Waliotazama walikutana na mtu aliyetoa mifano ya mji wasioujua, kwa lafudhi wasiyoizoea, saa iliyoamuliwa na jua la kwingine. Ilikuwa dhahiri kwamba mhadhara hauwi mhadhara kwa sababu tu mtu anasema na wengine wanasikia. Baada ya muda mradi uliacha kutegemea matangazo hayo ya satelaiti, na ukaelekea kwenye kushirikiana na vyuo vya Afrika katika kuandika na kuendesha kozi.

Waya wa baharini ulipofika Mombasa mwaka 2009, bei na kasi ya intaneti zilibadilika nchini kote, na vyuo vya ufuoni vikaingia. Maseno kikawa na kampasi yake ya mtandaoni. Koleji ya Bondo, iliyoanzishwa mwaka huo huo wa 2009 chini ya Maseno, ilipata hati yake mwaka 2013 kuwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Jaramogi Oginga Odinga, nacho kikajenga masomo ya njia hiyo. Ukizifungua kozi nyingi za miaka hiyo utaona kwamba ni vijitabu vya Kikuyu vilivyovaa nguo mpya: moduli ya kusoma, maswali ya kujibu, kazi ya kupeleka kabla ya tarehe fulani, na ukumbi wa majadiliano ambamo kila mwanafunzi huandika sentensi mbili kwa kuwa zina alama. Redio pekee ndiyo isiyokuwamo. Mbinu ya 1967 ilikuwa imerudi ikiwa imepungukiwa na ile sehemu yake iliyokuwa na saa.

Kisha ikaja Machi 2020. Tarehe 15 serikali iliamuru shule na vyuo vifungwe kwa ajili ya ugonjwa wa korona, na katika wiki chache kila mhadhiri, apende asipende, akawa mhadhiri wa masomo ya mbali. Shirika la mtandao wa vyuo, KENET, lilishughulikia vifurushi vya bei nafuu kwa wanafunzi pamoja na vyombo vya mikutano ya video. Mwezi wa Julai kampuni za Loon na Telkom Kenya zilianza kutoa intaneti kwa mabaputo yaliyoelea kiasi cha kilomita 20 juu ya ardhi. Eneo lililotajwa lilikuwa la kilomita za mraba zipatazo 50,000 za magharibi na kati mwa Kenya, Kisumu na Kakamega zikiwamo. Mabaputo hayo hayakuletwa kwa ajili ya wanafunzi, na aliyekuwa na laini ya kampuni nyingine hayakumfaa. Mnamo Januari 2021 ilitangazwa kwamba biashara hiyo inafungwa. Twalitaja jambo hili kwa kuwa ndilo lililokuwa kilele cha imani kwamba tatizo la masomo ya mbali ni njia ya kupitishia, na kwamba njia ikishapatikana kila kitu kimepatikana.

Chini ya mabaputo hayo wanafunzi wenyewe walikuwa wakifanya jambo jingine. Video ilikula vifurushi. Baada ya dakika kumi sauti ilikatika na sura ya mhadhiri ikaganda mdomo wazi. Basi madarasa yakahamia WhatsApp. Mhadhiri alirekodi maelezo ya dakika nne au tano, akayatuma, akangoja maswali, akarekodi tena. Mwanafunzi aliyekuwa Rusinga au Mfangano aliyapokea mtandao ulipomruhusu. Hapana mkuu wa kitivo aliyeagiza utaratibu huo, wala haumo katika miongozo tuliyoiona. Lakini ulienea haraka mno, na ukiuchungulia utaona kwamba ni redio ya Sauti ya Kenya, sasa ikiwa na mdomo na masikio. Watu waliopewa maandishi yote waliyoyahitaji walitafuta sauti, na walitafuta saa.

Kiswahili cha kusikiwa

Hadi hapa tumesema juu ya masomo yote. Kwa idara za Kiswahili jambo lina uzito wa peke yake.

Kisumu ni mji ambao reli iliufikia mwaka 1901 kwa jina la Port Florence, na Kiswahili kilikuja na reli, na askari, na wafanyabiashara. Kimekuwa cha sokoni na cha stendi tangu hapo. Ni Kiswahili chepesi, chenye uhai na ucheshi, na mtu akikidharau hajui lugha. Lakini ukiacha mitaa michache ya zamani, si lugha ya kwanza ya mtoto wa Kisumu, na nje ya mji, kando ya ziwa, husikika zaidi shuleni na redioni. Dholuo hakina sauti za v, z na sh. Ndiyo sababu shamba likawa samba na shule ikawa sule katika vinywa vya wengi. (Dh, kwa bahati nzuri, kinayo, Mjaluo hutamka mhadhara vizuri kuliko jirani zake kadhaa wa bara wasemao mhazara.) Tena Dholuo hakina ngeli za majina kama zetu, kwa hiyo upatanisho wa kisarufi, ambao mtoto wa Kibantu huunyonya pamoja na maziwa, Mjaluo huupata kwa kujifunza. Maseno iko mpakani mwa Wajaluo na Waluyia, na katika ukumbi mmoja huketi mwanafunzi aliyezaliwa katika ngeli na mwenzake aliyezikuta shuleni.

Mwanafunzi kama huyu wa pili aweza kuujua upatanisho kwa macho kikamilifu. Atajaza jedwali la ngeli bila kosa. Lakini kuumudu kwa ulimi, katika sentensi ndefu ambayo kiima kimetangulia mbali na kitenzi kingali njiani, ni jambo la sikio, na sikio hulishwa na kusikia. Ni wapi atakaposikia sentensi kama hizo? Si sokoni, ambako sentensi ni fupi. Si katika mihadhara ya masomo yake mengine, ambayo ni ya Kiingereza. Taarifa ya habari humpa dakika chache, tena ni Kiswahili cha kusomwa. Mhadhara wa Kiswahili humpa saa nzima ya mtu mzima anayeijenga hoja mbele yake, anayekosea na kujisahihisha, anayetafuta istilahi na kuipata. Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilipoanza mwaka 1970 kufundisha kwa Kiswahili chenyewe, ilithibitisha kwamba lugha hii yaweza kubeba mzigo wa chuo kikuu. Uthibitisho huo haukufanywa na vitabu, kwa kuwa wakati huo vitabu vilikuwa vichache. Ulifanywa na wahadhiri wakisema.

Mwandishi wa makala haya alipata funzo lake katika chuo kimoja cha sehemu hizi, muda mfupi baada ya vyuo kufunguliwa tena. Mwanafunzi wa mwaka wa nne, aliyesoma sehemu kubwa ya kozi zake za Kiswahili kwa moduli na majaribio ya mtandaoni, alikuja kutetea pendekezo lake la utafiti. Maandishi yake yalikuwa mazuri. Ufasaha wake wa kalamu uliwazidi wengi. Aliulizwa swali la kwanza, akaanza kujibu, akasimama katikati ya sentensi. Akaanza tena. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Samahani, mwalimu, naomba nijibu kwa Kiingereza." Tulimwuliza sababu. Alisema kwamba maneno hayo ameyaandika mara nyingi, lakini hajapata kuyasikia yakisemwa, na hana hakika yanasemwaje. Jopo lilimpa alama za maandishi alizostahili. Mwaka uliofuata alikuwa mbele ya darasa la kidato cha pili, akifundisha Kiswahili.

Yafaa tuseme wazi kwamba kosa halikuwa lake, wala halikuwa la mtandao. Sisi ndio tuliokaa katika kikao na kuamua kwamba, kwa kuwa madokezo yako kamili, saa za mhadhara zaweza kupunguzwa. Tulikuwa tumehesabu mada. Sauti hatukuihesabu.

Uamuzi wa aina hiyo sasa utazidi. Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati mnamo Agosti 2023 kiwe chuo cha mtandaoni, na vyuo vingine, vyenye madeni na kumbi zinazovuja, vitatamani kufuata. Liko pia swali la fedha ambalo watu huliona aibu kulitaja. Mhadhiri wa muda hulipwa kwa saa alizofundisha. Mhadhara ukirekodiwa mara moja na kurushwa miaka mitano, hizo ni saa za nani? Utawala una jibu lake tayari, na katika jibu hilo mhadhiri hayumo. Mhadhara uliorekodiwa una faida zake, nasi hatuukatai: aliyekosa mtandao siku ya Jumanne huusikiliza Alhamisi, na asiyeelewa huurudia mara tatu, jambo ambalo ukumbi haukuruhusu kamwe. Lakini kanda ya miaka mitano, isiyojua swali la mwaka huu, imekwisha kuwa kijitabu. Itangoja mezani.

Tangu mwaka jana sisi wachache tumejaribu utaratibu wa kiasi. Moduli zimebaki kama zilivyo. Kwa kila kozi ya Kiswahili tumetenga saa moja kwa wiki, saa mbili usiku, wakati ambapo wengi wamekwisha rudi nyumbani. Ni sauti tupu, bila picha, ili kifurushi kidogo kitoshe. Nusu ya saa mhadhiri husema. Nusu ya pili wanafunzi huulizana na kujibizana, kila mmoja akilazimika kusema angalau mara moja kwa mwezi, na kusema kwake huwekewa alama kama insha. Rekodi hutumwa kabla ya usiku wa manane kwa waliokosa. Tatizo kubwa hadi sasa limekuwa la mapato ya idara, kwa kuwa fomu ya kuhesabu saa za kazi ina nafasi ya mhadhara wa ukumbini na nafasi ya kozi ya mtandaoni, na saa yetu ya usiku haijapata mahali pa kuandikwa.